Mbeleko ya Soipan

Nzula hakujaliwa mtoto. Alikaa kwa mume huko Makueni, akanywa mizizi ya kila mganga aliyetajwa, akaombewa na kila mchungaji aliyepita, na mwishowe mume akaleta mke mwingine. Nzula hakugombana na mtu. Alikunja nguo zake akaenda Kitengela kutafuta kazi ya nyumba, na ndivyo alivyofika kwa Dinah na mumewe Tajeu mwaka wa elfu mbili na tano, wiki ile ile mtoto wao alipotolewa hospitalini.

Mtoto mwenyewe, Soipan, alizaliwa kabla ya miezi kutimia. Ungemkinga kwa viganja viwili kama mtu anayechota maji ya kunawa uso. Daktari alisema alale kifuani pa mtu, apate joto. Dinah, aliyekuwa mtu wa ofisi na mjuzi wa kompyuta, alikuwa kwenye kundi la akina mama wa Nairobi waliouziana na kubadilishana vitu vya watoto kwa intaneti. Huko alipata mbeleko ya mtumba, kitambaa kirefu cha buluu, kizito, kilichoachwa na mzungu aliyekuwa akihama. Kilikuja na picha za kuonyesha namna ya kukifunga. Dinah alijaribu, kikalegea. Akajaribu tena, mtoto akalia, naye mama mtu akalia, maana kidonda cha upasuaji kilikuwa hakijapona. Nzula akakichukua, akakizungusha kiunoni, akakivusha mabegani, akakikaza. Soipan akanyamaza.

"Haki Nzula, hiyo umejulia wapi?" Dinah akauliza.

"Sisi tunabeba watoto tangu tukiwa watoto, Mama Soi."

Dinah aliporudi kazini, alikuwa akitoka kabla jua halijachomoza na kurudi giza limeingia. Nzula alipika na Soipan kifuani, akafua na Soipan mgongoni, akamfunika uso upepo ulipoleta vumbi. Siku pasi ilipounguza pembe ya mbeleko, alikata kipande cha kitambaa chake chekundu cha kichwani akatia kiraka. Mtoto alinenepa, akakaa, akasimama. Alipoanza kusema, alisema "Mama", na aliyekuwa akimtazama ni Nzula.

"Sema anti," Nzula akamkanya haraka, kama mtu aliyeshikwa na kitu cha wenyewe. "Mama ni yule anakuja jioni."

Lakini mtoto hajui kudanganya. Jioni moja, Soipan akiwa na miaka miwili na kitu, alishikwa na homa. Dinah alimchukua mikononi mwa Nzula ili ambembeleze yeye. Soipan alijinyonganyonga, akampiga mama yake kifuani kwa vingumi, akanyoosha mikono kwa Nzula akilia, "Mama! Mama!" Tajeu alikuwa pale sebuleni, na jirani mmoja aliyekuja kuwajulia hali. Dinah alimrudisha mtoto kwa Nzula, akaingia chumbani.

Asubuhi alimkuta Nzula jikoni akikoroga uji.

"Wacha uji. Panga vitu zako."

"Nimekosa nini, Mama Soi?"

"Hujakosa." Dinah alikuwa akitazama sufuria. "Mimi naingia kwa nyumba yangu kama mgeni, Nzula. Nimechoka."

"Niruhusu basi nimuage."

"Amelala. Usimuamshe."

Nzula alipita mbele ya mlango wa chumba cha mtoto akiwa na viatu mkononi, asije akamuamsha.

Hakurudi Makueni. Angerudi kwa nani? Alikwenda Kajiado, akapangisha chumba karibu na soko la mifugo, na baadaye akapata kazi ya kufagia na kupika chai kwa Rebecca, msichana wa Kimaasai aliyekuwa na saiba, duka la kompyuta na intaneti, karibu na ofisi za serikali. Rebecca alimwita yeyo, yaani mama kwa Kimaasai, na Nzula kila alipoitwa hivyo aliitika bila kuinua macho.

Mwaka wa elfu mbili na tisa Rebecca alikuwa mjamzito, mimba yake ya kwanza. Mchana wateja walipopungua, alikaa mbele ya kompyuta akitafuta vitu vya mtoto.

"Yeyo, njoo uone. Wamama wa Nairobi wanabadilishana hizi vitu za kubeba mtoto. Gani ni poa?"

Nzula akaja, kikombe mkononi. Picha zilipita moja baada ya nyingine, nyekundu, kijani, zenye maua. Kisha ikaja ya buluu, imetandikwa juu ya kochi alilolijua, na pembeni ina kiraka chekundu.

"Simamisha hapo," akasema. Aliweka kikombe chini. "Hicho kiraka nimeshona mimi."

Rebecca akamsomea yaliyoandikwa chini yake. Mtoto wangu ameshakua, haihitaji tena. Niko Kitengela. Natafuta sweta ya mtoto wa miaka minne, tubadilishane.

"Mwambie sweta iko," Nzula akasema.

"Iko wapi?"

"Itakuwako."

Alinunua uzi wa manjano akafuma kila jioni. Rebecca alimuuliza kama ana vipimo. Nzula akaweka mikono mbele yake, kama anayemshika mtoto kwapani, akasema, "Niko navyo." Jumamosi akaenda yeye badala ya Rebecca.

Dinah alikuja kwenye hoteli waliyoagana akiwa na mfuko mkononi, na kando yake msichana mrefu wa miguu, nywele zimesukwa. Alipomuona Nzula alisimama kabla ya kufika mezani.

"Ni wewe?"

"Ni mimi, Mama Soi."

Wakatazamana. Dinah akamgusa mtoto begani. "Soi, salimia."

Soipan akasogea, akainamisha kichwa kiguswe, kama watoto wa Kimaasai wanavyowasalimu wakubwa wote, wawajue wasiwajue. Nzula akaweka kiganja juu ya kichwa kile. Mtoto akangoja kiondolewe. Kilipokawia, akamtazama mama yake.

"Mama, huyu ni nani?"

Dinah akaanza kufungua mfuko.

"Ni mama wa sweta," Nzula akajibu yeye. "Kuja tujaribu."

Sweta lilipita kichwani kwa shida. Mikono iliishia karibu na viwiko, na tumbo likabaki wazi. Nzula alivuta chini, akavuta tena.

"Inanibana," Soipan akasema.

"Nzula," Dinah akamshika mkono, machozi yakimtoka. "Alikutafuta. Nataka ujue. Alikutafuta chini ya kitanda, nyuma ya mlango, mpaka akawacha. Mimi ndio nilikuwa namuona akitafuta."

Nzula alilivua lile sweta taratibu, lisimuumize masikio. "Ni sawa, Mama Soi. Amekua vizuri." Dinah akamsukumia mfuko wa mbeleko, akalichukua sweta vilevile dogo lilivyokuwa, akalikumbatia.

Rebecca alijifungua mvulana kabla ya mvua za mwisho wa mwaka. Nzula alimpa ile mbeleko, akamfundisha kuifunga, huku akimshika mikono na kuielekeza mpaka ikazoea. Mtoto akakaa vizuri. Wateja walipozidi Rebecca akamwomba, "Yeyo, nibebee kidogo tu."

"Nguo zake nitafua," Nzula akasema. "Uji nitapika. Kubeba, mpe mwingine."

Rebecca alidhani ni uchovu. Wiki iliyofuata akamwomba tena, na mwezi uliofuata, na jibu likawa lile lile, hata mtoto alipojifunza kutambaa akawa anamfuata Nzula na kumshika pindo la sketi. Nzula alikuwa akiinama, anavifungua vile vidole kimoja kimoja, kisha anatoka nje kuanika nguo.