Viti vya Ngozi Vilivyobaki Mulongwe

Ngozi ya viti vya gari haifi Uvira kwa kukaliwa. Inakufa kwa jua, kwa sababu gari huachwa nje siku nzima mbele ya ziwa, na kwa vumbi la bonde la Ruzizi, ambalo ni laini kama unga wa muhogo. Vumbi hilo huingia katika mishono, na kila abiria anapoketi linasaga uzi kidogo. Jasho huja kumalizia kazi. Niliyajua haya polepole, nilipokuwa kijana wa kutunza gari moja tu, gari la mtu mmoja katika mtaa wa Mulongwe, kuanzia mwaka wa uhuru hadi wakati wa uasi dhidi ya serikali mpya.

Mwenye gari nilimwita patro, yaani bosi, kama wote walivyomwita. Alikuwa dereva wa Mbelgiji aliyenunua pamba bondeni. Uhuru ulipofika, Mbelgiji huyo alivuka mpaka kwenda Usumbura na masanduku yake, akamwachia dereva gari pamoja na karatasi yenye sahihi. Lilikuwa gari jeusi, refu, na viti vyake vilikuwa vya ngozi ya rangi ya chai ya maziwa. Patro alilifanya gari hilo kuwa kazi. Mtu aliyetaka kufika tu alipanda lori, akaketi juu ya magunia. Aliyemwendea patro alitaka kufika akiwa ameketi juu ya ngozi: karani aliyepandishwa cheo, familia inayompeleka mgonjwa hospitali kwa heshima, wakwe wanaotarajiwa na watu wengi. Nyumba nzima ilikula na kuvaa kutokana na gari hilo, na patro alijua kwamba injini peke yake isingeilisha.

Kazi yangu ilikuwa viti. Nilikwangua vumbi la mishono kwa brosi ya nywele za nguruwe, nikielekeza mkono upande mmoja tu, kwa maana ukirudisha mkono unalirudisha vumbi ndani. Nilitumia povu la sabuni bila maji yake. Nilikung'uta povu hilo mkononi kwanza, kisha nikalipaka. Ngozi iliyolowa sikuikausha juani. Niliiacha kivulini, milango wazi, upepo wa ziwa upite. Hayo hayakuwa magumu. Ugumu ulikuwa mafuta.

Kopo la dawa ya ngozi aliloacha Mbelgiji liliisha mapema. Mke wa patro alisema mbele yetu kwamba ngozi ni ngozi, na kwamba yeye alipaka watoto wake mafuta ya mawese tangu kuzaliwa na hakuna aliyepasuka. Neno lake lilitufaa. Tuliyapasha moto mawese, tukayapaka, na viti vilikunywa vizuri. Rangi ilikolea kidogo tu, tukaona ni uzuri. Siku iliyofuata patro alimbeba katekista mmoja kutoka bondeni, aliyevaa shati jeupe la sikukuu. Jua lilipopanda, ngozi ilirudisha kile ilichokuwa imekunywa. Katekista alishuka mbele ya kanisa, na mgongo wake wote ulikuwa mwekundu.

"Patro," alisema alipoambiwa, akijaribu kujiona nyuma, "weye umenikaanga kama ndagala wa ziwani."

Tangu hapo patro aliagiza siagi ya ng'ombe kwa wafugaji wa Rurambo, huko juu milimani, walioshuka sokoni mara kwa mara. Wafugaji hao walilainisha kwa siagi ngozi za kulalia na kamba za kufungia ng'ombe, na hawakuona ajabu yoyote katika swali letu. Walituonya tu kwamba siagi mbichi inaita nzi. Tuliichemsha tukaondoa povu lake, tukaichanganya na nta ya nyuki ili isitoke kwenye joto. Mchanganyiko huo niliujaribu mara nyingi kabla haujakubali. Ulipokubali, nilipitisha kitambaa cheupe juu ya kiti saa ya jua kali na kitambaa kilibaki cheupe.

Uasi ulifika Uvira wakati viti vilipokuwa katika hali nzuri kuliko wakati wowote.

Wapiganaji walioingia katika parseli, kiwanja cha nyumba ya patro, hawakuwa wengi. Walikuja asubuhi, wakasema wanachukua gari kwa ajili ya mapinduzi, na patro akatoa ufunguo bila kubishana, kwa sababu mtaani tulikwisha kuona matokeo ya kubishana. Mmoja wao alifungua mlango wa nyuma, akainamisha kichwa aingie, halafu akarudi nyuma haraka.

"Komanda, humu iko ngozi."

Komanda wao alikuwa kijana aliyevaa kofia ya ngozi ya paka-mwitu. Alichungulia ndani bila kugusa kitu.

"Muzee, hii ni ngozi ya nyama gani?"

"Ng'ombe," patro alijibu.

"Ilichinjwa wapi?"

"Kule Ulaya, komanda. Ilitoka huko pamoja na gari."

"Weye uliona kisu yake?"

"Nitaona namna gani? Minye sijafika hata Kigoma."

Wapiganaji walicheka. Komanda hakucheka. Alieleza, kwa subira ya mtu anayefundisha, kwamba mganga aliyewaosha kwa dawa ya kuzuia risasi aliwapa miiko, na mmojawapo ulikuwa kutokaa juu ya ngozi ya mnyama ambaye hawakumwona akichinjwa. Nilisikia baadaye kwamba makundi mengine hayakuwa na mwiko huo. Kila mganga alikuwa na yake.

Mke wa patro alikuwa jikoni, mlango wazi, akamwuliza komanda: "Na hiyo ngozi mwanangu amevaa kichwani?"

"Hii niliua mwenyewe, mama."

"Ah. Basi ninyi munajuana."

Komanda aliamuru viti vichanwe. Mpiganaji mmoja alichomoa kisu. Hapo ndipo patro alipoanza kuomba. Hakuomba gari. Alisema kwamba vita ikiisha gari litarudi kwa mwenyewe, na gari bila viti vyake si kitu cha kumlisha mtu. Wasichane, waache vifunguliwe vizima, vibaki nyumbani vikingoja. Komanda alitazama jua, akasema vifunguliwe upesi. Patro akachukua spana.

"Simama," komanda alisema. "Weye uko na bibi?"

"Huyo mwenye kusema na ninyi hapo jikoni ni nani?"

"Basi usiguse. Mikono yenye kugusa mwanamuke itaharibu dawa. Hii gari sasa iko ya watu waliooshwa."

"Na huyu?" Patro alininyooshea kidole. "Huyu hana bibi."

"Nani atamutaka?" mke wa patro alisema. "Iko ananuka siagi."

Kwa hiyo aliyeruhusiwa kugusa gari nilikuwa mimi, ambaye sikuwa nimefungua kiti hata kimoja maishani. Kazi yangu ilikuwa juu ya viti, si chini yake. Aliyejua kila parafujo alisimama hatua kadhaa mbali, mikono nyuma, kama alivyoamriwa, akinielekeza kwa mdomo.

"Kiti cha nyuma haina parafujo. Inua kwa mbele. Usivute, weye, inua. Sasa egemeo. Iko na ndoano juu. Sukuma kwenda juu. Kwenda juu!"

Kiti cha nyuma kilitoka, na egemeo lake. Nilivilaza juu ya mkeka. Kiti cha abiria wa mbele kilichukua muda, lakini kilitoka. Cha dereva kilikataa. Mto Mulongwe ulikuwa umefurika masika yaliyopita, maji yakaingia garini hadi kwenye sakafu, na upande wa dereva ndio ulioinama. Parafujo za pale zilikuwa zimeshikwa na kutu. Tatu zilifunguka kwa shida. Kwenye ya nne spana iliteleza tu juu ya kichwa chake.

"Bonyeza huku unazungusha," patro alisema. Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Polepole. Usiivunje kichwa."

Kichwa kilivunjika. Nilijaribu kushika kilichobaki kwa koleo, lakini koleo liliteleza, na yule mwenye kisu hakungoja amri ya pili. Alichana kiti cha dereva kuanzia juu hadi chini, akatupa vipande vya ngozi uani, mbele ya miguu ya patro, akatandika mkeka juu ya spiringi. Walitandika mikeka nyuma pia, juu ya makreti, wakapanda wote, wakaondoka kwa barabara ya Makobola. Patro hakuviokota vile vipande. Mke wake ndiye aliyevifagia.

Viti vile viwili viliwekwa sebuleni, vikiegemea ukuta. Patro alikataza mtu yeyote kuvikalia. Aliniambia niendelee na kazi kama kawaida, kwa sababu gari likirudi atahitaji kuanza kazi siku hiyohiyo. Niliendelea. Wakati wa mvua ukungu mweupe uliota kwenye ngozi, jambo ambalo halikutokea gari lilipokuwa likitembea, na ilinibidi kuufuta kila asubuhi kwa kitambaa kikavu. Barabara ya kwenda juu ilikuwa imefungwa na wafugaji hawakushuka tena. Siagi iliyokuwa nyumbani ilikuwa kidogo.

"Viti vinakula siagi," mke wa patro alisema siku moja akinitazama nikipaka, "watoto wanakula sombe kavu, majani ya muhogo bila mafuta."

Patro alikuwa amekaa chini, kwenye mkeka, mbele ya viti vyake.

"Gari ikirudi watakula."

"Na isiporudi?"

Alinisogezea siagi. Mimi niliendelea kupaka, nikapunguza kiasi. Mke wake aliwapokea wageni wote na kuwaonyesha mkeka. Wageni walikaa chini, wakavitazama viti.

Jeshi la serikali lilirudi. Muda fulani baadaye mvuvi mmoja alisema kwamba gari jeusi liko Makobola, ndani ya shamba. Patro aliniomba tufuatane. Tulilikuta mbali kidogo na barabara, katikati ya muhogo. Halikuwa na magurudumu, injini, wala kioo, na hata spiringi za kiti cha dereva zilikuwa zimeng'olewa. Ndani, mahali pa viti, palikuwa na kuku. Mwenye shamba, mwanamke wa makamo, aliacha jembe akaja.

"Iko yako, baba?"

"Ilikuwa yangu."

"Waliiacha hapa, haikuamka tena. Wakaenda na miguu." Alimtazama vizuri. "Viti yake waliipeleka wapi? Niliitafuta."

"Viti viko kwangu, Uvira."

Mwanamke alicheka, akaweka jembe begani. "Basi weye uko na viti, minye niko na nyumba ya kuku. Nani kati yetu ataenda mbali?"

Patro alizunguka gari mara moja. Aliingiza mkono dirishani, akashika parafujo iliyovunjika, ambayo bado ilikuwa sakafuni chini ya kinyesi cha kuku, akaizungusha kwa vidole. Haikusogea. Akamwambia mwanamke abaki na kuku wake. Tulirudi kwa miguu, na njiani alinisemesha habari za bei ya ndagala tu.

Tulipofika nyumbani, alimwita mke wake kutoka jikoni. Aliweka kiti cha nyuma katikati ya sebule, akamwambia akae. Mke alifuta mikono kwenye kitenge, akakikagua kiti kwanza, akaketi. Katika miaka yote ya gari lile hakuwa ameketi juu yake, kwa kuwa palikuwa pa abiria. Patro alibaki amesimama akimngoja aseme.

"Iko chini sana," alisema. "Muntu anaikala kama mwenye kuchuma sombe."

Patro alifikiri, akanigeukia, akaniuliza kama naweza kupata mbao. Nilipata za mkaratusi. Nilitengeneza fremu, nikakiinua kiti hadi mtu wa kimo cha mke wa patro aweze kukanyaga sakafu na magoti yasipande, nikafanya hivyo kwa kile cha mbele. Jirani wa kwanza alipoingia na kuelekea kwenye mkeka kama alivyozoea, patro alimwambia hapana, kaa hapa.