Nilipandisha Presha ya Gari kwa Wivu, Lawama Nikamwachia Siku

Nimekosa. Naanza na hilo, maana nikianza kujieleza nitajitetea, na kujitetea ndiko kulikonifikisha hapa.

Mimi ni fundi wa injini, nimekulia kazini kwenye gereji za Gerezani, hapa Dar es Salaam. Jina langu liache. Wanaonijua watanitambua, na wengi wao salamu zangu siku hizi hawaitikii.

Kuna dada mmoja, hapa nitamwita Siku. Sote tumetoka kusini, yeye Newala, mimi Masasi. Mimi nilitangulia mjini. Alipokuja na cheti chake cha umeme wa magari, ni mimi niliyemwombea nafasi kwenye gereji yetu. Mafundi walicheka, eti mwanamke na ovaroli! Nikawaambia, "Mwacheni dada yangu afanye kazi."

Nilijiona mtu mwema sana. Leo naona nilimtetea kwa sababu nilijua hawezi kunipita.

Siku alikuwa anashughulika na nyaya, taa, stata. Mchana tunakula pamoja. Ananiita kaka. Nikifungua injini anakuja kuchungulia na maswali yake mpaka nachoka. Kumbe mwenzangu alikuwa anajisomea! Akanunua laptop iliyotumika, akajifunza kuseti kompyuta za magari. Sisi tunaisikiliza injini kwa masikio, yeye anaisoma kwenye kioo.

Sasa, nina mteja wangu wa miaka mingi, mzee wa Kihindi mwenye duka la vitambaa Kariakoo. Magari yake yote nimetengeneza mimi tangu mwanawe, nitamwita Nilesh, anavaa kaptula za shule. Nilesh alipokua akanunua gari lenye tabo, ile mashine inayosukuma hewa kwenye injini ili gari liwe na nguvu. Akaniletea na pampu mpya ya mafuta, kubwa kuliko ile ya kiwandani.

"Fundi, nifungie hii. Nataka gari liruke."

Nikaifunga, na niliifunga vizuri. Lakini gari likawa linakohoa, linatoa moshi mweusi kama kiwanda. Nikabadilisha plagi. Nikasafisha kila kitu. Siku mbili nahangaika, jasho linanitoka, Nilesh amekaa kwenye benchi ananitazama.

Siku akasogea. Akasema taratibu, "Kaka, pampu umeifunga sawasawa. Ila kompyuta ya gari haijui kama pampu imebadilika, bado inapima mafuta kwa hesabu ya zamani. Niachie niisete."

Akachomeka waya wake. Nilesh akashika usukani, yeye akakaa pembeni na laptop mapajani, wakatoka kwenda kulijaribu. Waliporudi, gari lilikuwa linanguruma kama simba aliyeshiba! Mafundi wakajaa. Simu zikatolewa, watu wakapiga video.

"Siku, wewe ni profesa!" Nilesh akapiga kelele.

Mimi nimesimama na kitambaa changu cha oili mkononi. Hakuna hata mmoja aliyesema, pampu kaifunga fulani. Hata mmoja!

Hapo ndipo wivu ulipoingia, na uliingia mzima mzima.

Baada ya wiki chache watu wakawa wanakuja, wananipita mimi, wanauliza, "Yule dada wa laptop yupo?" Wateja wangu mwenyewe! Nikaanza kuwajibu hayupo, wakati yupo nyuma anakunywa chai. Asubuhi ananisalimia, "Shikamoo kaka," najifanya nimeinamia injini sijasikia. Akiniletea chai naiacha inapoa mpaka inzi wanaogelea. Akikosea kitu kidogo nacheka kwa sauti ili wote wasikie.

Na yeye, masikini, anadhani nina matatizo nyumbani. Siku moja aliniuliza, "Kaka, wifi ni mzima?" Hilo nalo likanichoma! Nikaona ananihurumia.

Nilesh naye akazidi kumwamini, akataka amwongezee gari nguvu. Siku akamwambia, na mimi nimesimama pale pale nasikia, "Presha ya tabo nimeiacha hapa makusudi. Pampu ni kubwa, lakini nozeli za kupulizia mafuta ni zile zile ndogo. Mkiongeza presha, hewa itayazidi mafuta, na pistoni zitaungua. Tusubiri tupate nozeli nyingine." Akachora mstari wa rangi nyeupe kwenye skrubu ya presha, mtu asije akaigusa.

Nilielewa kila neno. Naomba mlijue hilo. Mimi si fundi mjinga. Nilielewa, nikajiambia, anajishaua tu.

Wiki iliyofuata Nilesh akaleta gari kubadilisha oili. Kesho yake alikuwa anampeleka baba yake harusini Morogoro. Siku hakuwepo, alikuwa msibani Mbagala. Boneti liko wazi, na ule mstari mweupe unanitazama.

Nikachukua bisibisi.

Nusu mzunguko. Nikasikiliza. Nikaongeza nusu nyingine. Kisha nikafuta ile rangi kwa petroli, nikachora mstari wangu.

Nilesh akalijaribu mpaka barabara kuu. Akarudi macho yamemtoka. "Fundi, umefanya nini? Hili gari linapaa!"

"Oili tu hiyo, ila kwa mikono ya zamani," nikamwambia, skrubu sikuitaja.

"Hata Siku hakulifikisha hapa!"

Maneno hayo niliyanywa kama maji ya baridi mchana wa jua. Nilikuwa na nafasi ya kusema, "Lete nipunguze, unaenda safari ndefu." Sikusema. Nilitaka aende nalo hivyo hivyo, akalisifie huko, arudi akiniita mimi profesa.

Walipopita Chalinze, akiwa analipita lori, pistoni ikatoboka. Oili ikaruka nje ikamwagikia tabo iliyokuwa nyekundu kwa moto. Boneti likawaka. Nilesh akafanikiwa kuegesha pembeni, wote wawili wakatoka wazima.

Lakini mzee aliona gari la mwanawe linaungua. Akakimbilia kufungua boneti kwa mikono yake mitupu. Moto ukamrukia.

Mikono yote miwili! Mzee ambaye anajua pamba safi kwa kuipapasa tu, huku amegeuza uso anaongea na mteja mwingine. Alilazwa wiki nyingi. Vidole vikapona kwa kujikunja, ngozi ikawa ngumu, haisikii kitu.

Nilesh alipokuja gereji hakusalimia mtu. Gari lilishushwa pale, pua nyeusi tupu. Akamwelekea Siku moja kwa moja.

"Umemchoma baba yangu!"

Siku akainama kwenye mabaki ya injini. Alikaa pale muda mrefu. Akainuka, akasema, "Hii imekufa kwa kukosa mafuta, presha imezidi. Sivyo nilivyoiacha. Kuna mtu amegusa."

Akanigeukia.

"Kaka, uligusa?"

Nikaapa. Ee Mola nisamehe, niliapa kwa jina lako! "Wallahi sijagusa. Nimebadilisha oili tu. Labda laptop yako ndiyo imekudanganya."

Watu wakacheka. Nilesh akamtukana matusi ambayo siyaandiki hapa. Siku alinitazama kidogo, halafu akaanza kukunja waya zake.

Mwenye gereji akamwambia aondoke, anaharibu jina. Na unajua nilichofanya? Nilimsaidia kubeba kasha lake la vifaa mpaka kituo cha mabasi ya mwendokasi! Nikampa pole! Hebu fikiria sura ya mtu wa namna hiyo.

Basi wateja wangu wakarudi wote. Nilichokitaka nilikipata. Furaha yake nilikaa nayo siku tatu, ikaondoka.

Siku moja mzee akaja mwenyewe na gari lake jingine, dereva anamwendesha. Dereva akaenda kununua maji. Mzee anataka kushuka, mkono haushiki kitasa. Akaniita kwa kichwa. Nikamfungulia mlango.

"Asante, fundi," akasema. "Watu wengi wamenidanganya mji huu. Wewe miaka yote hujanidanganya."

Sikulala. Na bado, mwoga mimi, nilikaa wiki tatu nyingine nimenyamaza.

Mwisho nilikwenda dukani kwao. Mzee amekaa nyuma ya kaunta, mteja anauliza kama kitambaa ni pamba tupu, mzee anamwambia mkwewe aliyekaa pembeni yake, "Hebu kishike wewe, uniambie." Pale nikashindwa kuvumilia.

"Mzee, ni mimi. Niliongeza presha. Siku hakukosea kitu."

Nilesh, aliyekuwa nyuma anapanga vitambaa, akaruka kaunta. Baba yake akamzuia kwa mkono ule ule uliojikunja. Akaniuliza kitu kimoja tu, "Yule binti yuko wapi?"

Nikasema sijui.

"Mwanangu alimtukana mbele ya watu kwa sababu yako. Nenda ukamtafute. Halafu usirudi hapa."

Nilimpata kwa simu. Yuko Newala, anatengeneza nyaya za bodaboda. Nikamwambia yote, nalia kama mtoto. Akanisikiliza mpaka nikamaliza.

"Nilijua siku ile ile, kaka. Ulipoapa hukunitazama."

"Mbona hukusema?"

"Hata ningesema, nani angeniamini? Wewe ndiye uliyenileta pale."

Nikamwomba arudi. Akasema mzee ameshapata namba yake kwa Nilesh, amempigia, amemwomba radhi, amemwahidi kumpangishia sehemu yake ya kazi hapa mjini. Anafikiria. Akirudi, akasema, haitakuwa kwa sababu yangu. Kisha akasema ana mteja, akakata.

Gereji nako nilisimama mbele ya mafundi wote nikasema ukweli. Nikafukuzwa, nilistahili. Sasa hivi nipo pembeni ya barabara huko Ilala, nabadilisha oili na kuziba pancha. Injini hakuna anayeniachia.

Ndugu yangu unayesoma, huenda kazini kwako kuna mwenzako ameanza kukupita. Najua inavyouma, usijidanganye kwamba haiumi. Mpongeze hata kama moyo hautaki, na mwombe akufundishe. Siku angenifundisha bure, tena kwa furaha.

Na kama mkono wako umeshaharibu, sema kabla jua halijazama. Usingoje kuulizwa, maana ukiulizwa utaapa. Aibu ya kukiri ingekuwa ya siku moja, watu wangecheka wakaenda kula. Hii niliyoichagua mimi, kila asubuhi naamka nayo.