Kamba ya Kumi na Tisa

Mwalimu wa kuruka angani ni mwanamke mfupi mwenye vidole vilivyokauka kwa petroli. Kila asubuhi hutandaza bawa la kitambaa, mfano wa parachuti, kwenye shamba la mpunga lililovunwa, akanyoshea kidole kamba zake moja moja na kuitangaza kwa sauti: "Nzima!" Leo upepo umeanza kukaza, na mwanafunzi wake Kuramochi, injini ya kurukia mgongoni, amechoka kusubiri.

"Mwalimu, unaita mahudhurio? Wenzangu wako juu!"

"Umenikatiza. Naanza upya."

"Jamani! Upepo utaharibika!"

"Basi utarudi kwa miguu. Ya kwanza, nzima!"

Kwenye kamba ya kumi na tisa kidole kilisimama. Kuramochi akainama, akaona imelika, imebaki nyuzi mbili tu. Akaanza kufungua mikanda ya injini. Mwalimu hakumtazama.

"Ya ishirini, nzima!"