Moto wa Mavi na Baba Mkubwa

Tangu kaka zangu watoroke kwenda machimboni Geita kutafuta dhahabu, nyumbani kwetu, pembezoni mwa mji wa Shinyanga, kulibaki kijana mmoja tu wa kiume, naye ni mimi, msichana wa kidato cha pili. Nilirithi kazi zao zote: kukamua, kukata majani ya ng'ombe wetu wa maziwa, na kuokota mavi makavu malishoni ya kuwashia shikome, ule moto wa uani ambao baba na wanaume wenzake huota jioni wakila na kusimulia ushujaa usio na shahidi. Kuuwasha naruhusiwa. Kukaa hapo siruhusiwi.

Kazi za kike nazo hazikwenda popote. Jumamosi zangu ziliishia kwenye kuni, maana kwetu miti ilishakwisha, na ukitaka kuni unatembea mpaka unasahau umetumwa na nani. Ndiyo maana baba alipomkubalia fundi wa mradi wa gesi ya mavi achimbe shimo nyuma ya banda na kulijengea kuba la tofali na saruji, nilibeba maji bila kutumwa. Tukakoroga mavi mabichi na maji, tukamimina, tukangoja gesi. Majirani walipita kutupa pole.

Siku mama alipofungua koki ya gesi jikoni, akawasha kiberiti na kuona moto wa buluu usio na moshi, alikaa kwenye kigoda akautazama kama vile mmoja wa kaka zangu amerudi. Macho yake mekundu yakapona. Mimi nikapata Jumamosi za kusoma, nikaanza kufaulu hesabu, jambo lililomtia mwalimu wasiwasi.

Kisha akaja baba mkubwa kutoka Kharumwa. Huyu ni kaka yake baba, ana ng'ombe wengi hadi wengine hawafahamu kwa sura. Alifuata plau kwenye duka la Mhindi, akafikia kwetu. Ugali ulipoletwa akauliza mbona jikoni hakutoki moshi. Baba, maskini, akamweleza kwa fahari mpaka mwisho. Baba mkubwa akarudisha tonge taratibu, akanawa mikono. Alisema hajazaliwa mtu wa kumlisha chakula kilichopikwa kwa mavi, na ukoo ukisikia hakuna atakayekula hapa tena. Usiku ule akachoma kwenye shikome viazi alivyokuja navyo. Kabla ya kulala akaamuru shimo lifukiwe. Baba ni mdogo wake. Aliinamisha kichwa, akasema sawa kaka, Jumamosi tutalifukia.

Jumamosi yangu, yaani. Mama hakuulizwa. Mimi ndiyo kabisa. Redio kila siku inatangaza vyama vingi, lakini nyumbani kwetu chama kilikuwa bado kimoja. Nikaamua kuanzisha upinzani.

Kesho yake jioni wanaume walitoka na vigoda vyao, wakazunguka majivu. Ilikuwa Julai, upepo unakata masikio. Baba mkubwa ameshika viazi vyake, anangoja. Mimi nimekaa kizingitini nachambua mchele, sina haraka.

Baba akaniita, akauliza moto uko wapi.

"Sikuokota mavi, baba. Ni uchafu. Baba mkubwa kasema."

Jirani mmoja akakohoa kikohozi kisicho cha ugonjwa. Baba mkubwa akaeleza kwamba haya ya shikome ni mengine, ni makavu, babu zake wote waliyaota. Nikapiga magoti kama anavyotakiwa binti mwenye adabu, nikamuuliza viazi alivyokula jana viliivia wapi. Maana niliona kwa macho yangu vikifukiwa kwenye mavi yanayowaka, vikapanguswa majivu kwa kiganja, vikaliwa. Sufuria ya mama haijawahi hata kuyagusa.

"Mayu," akasema, yaani mama kwa Kisukuma, "unajua unaongea na nani?"

"Najua, baba mkubwa. Naongea na mtu anayetaka niokote mavi leo, halafu Jumamosi nikatafute kuni."

Nilijua fimbo inakuja, ndiyo maana nilikuwa nimevaa sketi mbili. Baba akasimama, akatembea hadi bandani, fimbo inakokaa. Akarudi mikono mitupu.

"Shimo litabaki, kaka," akasema. Hakuinua sauti, wala hakumtazama. "Kama unasikia baridi, ndani kuna chai."

Chai hakuinywa. Alilala na baridi yake, na kesho yake akapanda basi, plau juu ya keria. Baba aliniamuru niombe msamaha kwa mdomo wangu mrefu. Nikaomba, wa mdomo tu. Niliyosema nayasimamia mpaka leo.

Siku hizi baba mkubwa akija huleta karanga zake mwenyewe. Aje nazo. Wakitaka shikome, mavi wanaokota wao. Juzi nimemwona malishoni, kainama na kapu, nikampa shikamoo yake nikiwa na kitabu mkononi.