Namba za Nyololo

Siku yangu ya kwanza katika kituo cha hali ya hewa Iringa, Mkuu wa Kituo hakunionyesha hata kiti. Alinipeleka kwenye kibanda cheupe cha vipimajoto, akafungua daftari, akaweka kidole kwenye mstari mmoja.

"Hii imepikwa. Joto la saa tatu na la saa sita haliwezi kulingana hadi nukta. Kijana, kipimajoto hakisemi uongo. Mchunge msomaji."

Kupika, kwa lugha yetu, ni kujaza namba bila kutoka nje kusoma kipimo. Basi nikawa mtu wa kushuku, na sikuona haya.

Nilipohamishiwa Mbeya kuwa mtabiri, nilikuta shughuli pevu. Miezi ya joto na mvua, hewa baridi hupanda kutoka kusini ikajipenyeza chini ya hewa ya joto yenye unyevu. Mstari ambapo hewa hizo mbili hukutana tuliuita mpaka wa baridi. Hewa ya joto hunyanyuliwa kwa nguvu, mawingu hupaa, ndipo radi na mvua ya mawe. Dalili zake ni upepo kugeuka ghafla na joto kuporomoka.

Kwenye kituo kidogo cha Nyololo alikuwepo Neema, mwangalizi wetu, aliyesoma vipimo na kunipigia simu. Niliwahi kumkamata: alikwenda msibani siku mbili, akapika namba zote. Aliungama akilia. Nikamwambia yameisha, lakini moyoni hayakuisha.

Siku moja ya soko, Mwenyekiti wa soko la Mbalizi, jirani na Mbeya, alinipigia asubuhi, kama kawaida yake. "Mtaalamu, leo tuuze au tufunge mapema?" Nikamwambia asubiri. Saa tano akapiga Neema.

"Kamwene, kaka! Upepo umegeuka, unatoka kusini. Joto limeshuka digrii kumi, hata robo saa haijaisha."

"Kumi kamili? Siyo tisa, siyo kumi na moja?"

"Kumi, kaka. Nimesoma mara mbili."

"Leo msiba wa nani, Neema?"

Akakata simu. Nikapiga kituo cha Chimala, nikaambiwa jua linachoma. Chimala iko kati ya Nyololo na Mbeya. Hewa ile ya baridi ilikuwa bado njiani tu, haijafika Chimala. Nilijua. Lakini jibu lilinipendeza, nikampigia Mwenyekiti: "Uzeni."

Saa tisa mvua ya mawe iliangukia soko la Mbalizi. Radi ilimpiga mama muuza viazi akivuta turubai afunike magunia yake. Alikufa palepale.

Kesho yake nilikwenda Nyololo. Naona aibu kusema: sikwenda kuomba radhi, nilikwenda kukagua. Kibandani kulikuwa na mashine inayochora joto kwenye karatasi. Mstari wa wino ulikuwa umeshuka wima, digrii kumi.

"Umeridhika, kaka?" Neema aliuliza nyuma yangu.

Ninyi vijana wa rada na satelaiti, shukuni, ni sehemu ya kazi. Lakini lishukuni na lile jibu linalowapendeza. Mimi nilichelewa kulijua hilo, na aliyelipia ni mwingine.

Kwenye hafla ya kuniaga nilipostaafu, Meneja wa Kanda alisimama akanisifu: "Huyu mzee, hakuna namba ya uongo iliyowahi kumpita." Ukumbi mzima ukapiga makofi. Neema alikaa safu ya pili, mikono mapajani, akinitazama.