Sahani ya Wifi Laurentine

Adolphine alikuwa na mawe kwenye mfuko wa nyongo, lakini majirani zake wa Kenya, komini ile ya Lubumbashi isiyokaa kimya, walijua habari nyingine kabisa. Daktari alimwonyesha kwenye picha: vijiwe vimejipanga kama njegere ndani ya ganda. Akamkataza mafuta mpaka siku atakayopasuliwa. Akijisahau, maumivu yalianza chini ya ubavu wa kulia, yakapanda begani, na mwanamke mzima alijikunja sakafuni akitapika na kumwita mama yake aliyekwisha kufa. Yalimkamata kwenye cherehani, yalimkamata kanisani, yakaondoka, yakarudi.

Hiyo ndiyo kweli. Ila kweli ilikuwa na adui, naye ni Laurentine, dada mkubwa wa mumewe Stanislas. Laurentine alipika kwenye sherehe za watu: harusi, komunyo, matanga, masufuria yalikuwa yake. Sasa wifi gani huyu anayekuja kwako, anapakuliwa sombe, majani ya muhogo yaliyoiva kwa mawese, halafu anasukuma sahani? Kwa watu hawa, kukataa chakula cha mtu ni kumwambia usoni kwamba amekitia sumu. Adolphine akaeleza habari ya mawe. Laurentine akacheka mbele ya ukoo mzima.

"Majiwe? Majiwe inaweza ota mu tumbo ya muntu? Ile iko nyama ya bantu anakulaka na bulozi. Njo inamuluma."

Ulimi hauna mfupa. Neno lile lilifika Kenya kabla Adolphine mwenyewe hajashuka kwenye basi. Wateja wakaja kuchukua vitenge vyao, hata vilivyokwisha kukatwa, kwa sababu nani anataka nguo iliyoshonwa na mchawi? Akavumilia. Kisha binti yake Keren akarudi shuleni akilia: rafiki yake amekataa kunywa naye kikombe kimoja. Siku hiyo Adolphine alichukia, na chuki ile aliitunza vizuri kuliko alivyowahi kutunza kitu chochote.

"Leka tu, Mama Keren," alisema Stanislas, ambaye kama ukoo wote alimwita dada yake mkubwa yaya. "Yaya njo vile iko. Mungu ataona."

"Mungu iko na kazi mingi. Nitamusaidia."

Mtoto wa Laurentine alipopata komunyo ya kwanza, ua wa nyumba yao kule Karavia ulijaa ndugu, akina mama wa parokia, na mabibi wa Golf, mtaa wa matajiri, waliokuwa wakimpa Laurentine kazi za harusi. Laurentine akaleta sahani kwa mkono wake mwenyewe: ugali wa bukari, nguruwe wa kukaanga na ngozi yake, sombe inayoogelea kwenye mawese. Akapaza sauti.

"Mama Keren, leo utakula kwangu, ao utatukatalia tena?"

"Nitakula, yaya. Uniongezee na ile mafuta ya chini ya sufuria."

Alikula. Alikula mpaka akafuta sahani kwa kidole, akaomba nyingine, akamsifu mpishi kwa sauti ili kila mtu asikie chakula kimetoka kwa nani. Stanislas alimkazia macho, yeye akatabasamu. Kisha akatulia kwenye kiti, akayangoja maumivu yake, na kwa mara ya kwanza aliyangoja kwa hamu.

Yalikuja wakati wa kukata keki. Adolphine alianguka miguuni pa mabibi wa Golf, akapiga yowe, akatapika, jasho likamtiririka. Hakuigiza hata kidogo.

"Alikula nini?" mmoja akauliza.

"Si ile sahani Laurentine alimupatia?"

Watu wakaanza kuweka sahani zao chini, mmoja baada ya mwingine, bila kutazamana. Adolphine aliwaona kupitia machozi, na ndani ya uchungu ule akasikia raha. Mkuki kwa nguruwe, bwana!

Hospitalini walimkuta nyongo imevimba vibaya, wakampasua. Alipopona, daktari akamruhusu kula apendacho, akampa mawe yake kwenye kichupa. Adolphine akakificha chini ya vifungo vya nguo. Stanislas aliwaambia watu kweli yote, lakini nani atamwamini mtu anayemtetea dada yake? Kazi za Laurentine zikakauka. Hakuna harusi iliyomwita tena, hata matanga.

Mwishowe akaja Kenya mwenyewe, na chungu kichwani, na wazee wa ukoo nyuma yake. Majirani wakajaa mlangoni. Laurentine akapiga magoti, akapakua. Wote walijua: Adolphine akila, jina la Laurentine limesafika.

"Mama Keren, banasema niko mulozi. Ku masomo batoto banakimbia mutoto yangu. Kula tu kidogo. Ao ubaambie ile majiwe."

Adolphine akamwita Keren alete maji. Akanawa taratibu, na watu wakashusha pumzi. Akafinyanga tonge, akalichovya. Sombe ilinukia vizuri, na tumbo lake, ambalo sasa halikuwa na kitu cha kuogopa, liliitaka. Akamtazama wifi yake.

"Majiwe gani, yaya?"

Akalirudisha tonge, akafunika sahani, akamwomba Keren maji tena anawe mikono.