Nilikataa Samaki wa Mama Mbele ya Wateja Wake

Nimeliharibu jina la mama yangu kwa sentensi moja, na sijui nitalirudishaje. Kosa ni langu. Hakuna aliyenituma.

Mama hukaanga samaki kwenye karai kando ya barabara hapa Nyalenda, Kisumu. Anauza ngege, anauza mbuta, na kwa wale ambao mfuko umekauka, anauza mgongo wazi, ule mfupa unaobaki minofu ikishatolewa kiwandani. Karai hilo ndilo lililonilea. Mtaa mzima umeniona nikila samaki wake tangu nikiwa mdogo.

Kisha nikaanza kunyanyua vyuma. Jimu yetu ni ya mabati, na vyuma vingine ni mikebe iliyojazwa simiti. Kocha akaniambia naweza kuingia mashindano ya kutunisha misuli mjini. Mimi! Mtu ambaye nikiitwa jina mbele ya watu natokwa na jasho!

Kwenye simu nikaona jamaa mwenye kifua kama mlango. Alisema hali nyama, samaki, mayai wala maziwa. Anakula mimea tu. Nikataka kuwa kama yeye. Nikashika ndengu, maharagwe, soya, njugu na mboga. Mistari ya misuli ikaanza kutokea tumboni. Nilifurahi peke yangu.

Sikumwambia mtu. Niliona haya. Nikishindwa, si wangenicheka? Hata mama nilimdanganya kwamba tumbo linanisumbua, akawa ananichemshia ndengu kabla hajawasha moto wa samaki.

Siku moja mchana, mama akiwa ameenda kuchota maji, watu wa bodaboda walikuwa wamejaa kwenye benchi lake. Mmoja, mwenye mizaha mingi, akanisukumia sahani.

"Kuja tukule, bwana! Siku hizi sikuoni ukikula ya mama. Ama kuna kitu unajua sisi hatujui?"

Wote wakanitazama. Masikio yakawa moto. Ningesema tu nina mashindano. Lakini niliwaza vile wangenivua shati wanione, na vile wangecheka.

Nikasema, "Hiyo mimi siwezi kula." Nikaondoka.

Jamani! Si ningekaa kimya hata!

Nyuma yangu nikasikia mtu akisema, "Mmesikia? Na huyo ndiye mtoto wa mwenye samaki!"

Haikuchukua muda. Ikasemekana mama anaweka samaki dawa ya mochari, ile ya kuhifadhi maiti, wasioze. Benchi likaanza kubaki wazi. Mama hakuelewa, mpaka jirani mmoja akamwambia, "Mama, mimi sisemi kitu, lakini hata kijana yako ameikataa."

Mama huniita Baba, kwa sababu nilipewa jina la baba yake. Alikuja nyumbani akaniuliza, "Baba, samaki yangu iko na nini?"

Nikamweleza yote nikilia. Hakunigombeza. Alisema tu, "Basi kesho kuja ukule, wakuone."

Kesho yake nikaketi pale benchini. Mama akaniwekea ngege mzima na ugali. Watu wakasimama kutazama. Nilikula haraka haraka, nikimeza na hofu. Lakini tumbo langu lilikuwa limesahau samaki na yale mafuta. Sahani haikuisha. Nikatapika pale pale, kando ya karai, mbele ya watu wote!

"Mmeona sasa?" yule wa boda akapiga kelele. Safari hii hakuwa anafanya mzaha. Mwanamke mmoja akamrudishia mama sahani yake bila kuigusa.

Ndipo nikafungua mdomo. "Ni mashindano! Nilikuwa nakula mimea tu!"

"Mimea gani? Kwani wewe ni mbuzi?" Wakacheka. Mwingine akasema, "Wacheni yeye. Ni mama yake amemfundisha kusema hivyo."

Mashindano sikwenda. Kocha alikuja kuniita, nikashindwa hata kuvaa viatu. Ningesimamaje jukwaani nimepakwa mafuta, napigiwa makofi, na mama ameketi peke yake na karai lililopoa?

Siku hizi anakaanga wachache, na wengine tunarudi nao nyumbani. Juzi nilimkuta ameinamia beseni, ananusa samaki mmoja mmoja. Samaki wa asubuhi ile, aliowachagua mwenyewe ufuoni! Hata yeye ameanza kujishuku.

Ndugu yangu, kula unachotaka. Mimea haikunikosea. Lakini kama mama yako anauza chakula na wewe umeacha kukila, mwambie sababu ya kweli. Waambie na wateja wake, siku ile ile, hata wakikucheka mpaka waanguke. Mimi nilikimbia kicheko cha mchana mmoja. Sasa nasema ukweli kila siku, kwa kila anayepita, na hakuna anayenisikiliza.